SOMO LA KIINGEREZA KWA MAKATIBU: LIPI LILITANGULIA?

Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika kwa korosho mkoani Mtwara mwaka 2007, mzigo hupita mikono mingi: chama cha msingi, msafirishaji, mwendesha ghala, kisha mnunuzi, ambaye mara nyingi hutoka India au Vietnam. Likitokea dai, maelezo yaweza kutakiwa kwa Kiingereza. Hapo katibu, awe wa Masasi au Newala, hana budi kuonyesha lipi lilitangulia.

Zitazamwe sentensi hizi mbili:

(a) “The sacks got wet when the lorry arrived.”
(b) “The sacks had got wet when the lorry arrived.”

Ya kwanza yasema magunia yalilowa lori lilipofika, yaani mlangoni pa ghala. Ya pili yasema lori lilipofika, magunia yalikuwa yamekwisha kulowa, yaani njiani au chamani. Neno moja, “had”, limehamisha hasara kutoka kwa mtu mmodi hadi kwa mwingine.

Kanuni ni hii: tendo lililotangulia huchukua “had” pamoja na umbo la tatu la kitenzi, tendo lililofuata hubaki katika wakati uliopita wa kawaida. “Had” haibadiliki, awe mtendaji mmoja au wengi. Mfano: “Parliament passed a new co-operative law in 1982, the Government had dissolved the unions in 1976.” Sheria imetajwa kwanza, lakini kuvunjwa kwa vyama vikuu ndiko kulikotangulia.

Kiswahili nacho kina njia yake: “alifika” na “alikuwa amefika”. Basi panapofaa “alikuwa ame-”, Kiingereza hutaka “had”.

Matendo yakisimuliwa kwa mfuatano wake, “had” haihitajiki: “We weighed the sacks, wrote the receipt and locked the store.” Ndivyo tusemavyo: tulipima magunia, tukaandika stakabadhi, tukafunga ghala.

ZOEZI. Tafsiri kwa Kiingereza:
1. Katibu alipofungua ghala, wezi walikuwa wamechukua magunia matatu.
2. Wanachama walipokea fedha, wakatia sahihi.

MAJIBU.
1. “When the secretary opened the store, thieves had taken three sacks.”
2. “The members received the money and signed.”