Uongozi Hujifunzwa Kiwanjani

Wapo wadhanio kuwa michezo hupoteza wakati wa masomo. Lakini kiwanja cha mpira nacho ni darasa, na somo lake moja ni uongozi.

Kwanza, tumtazame nahodha. Sheria ya 3 ya mpira wa miguu yasema kuwa nahodha hana upendeleo wo wote, ila ana wajibu juu ya mwenendo wa timu yake. Akicheza rafu huadhibiwa kama wengine. Wenzake wakimzonga refa, yampasa awatulize. Hivyo hujifunza kutii kabla ya kuamuru.

Je, asiye nahodha atajifunzia wapi? Huko Mathare, Nairobi, chama cha michezo cha vijana, MYSA, kilianzishwa mwaka 1987. Kiliweka utaratibu wa timu kupata alama za ligi kwa kushinda, na pia kwa kuzoa takataka mitaani. Vijana wenyewe hufundisha wadogo zao, na waliojitolea vizuri wamesaidiwa karo ya shule. Hata asiyejua kufunga bao hupata la kuongoza.

Kwetu, mara nyingi kumi na mmoja hucheza na mamia hutazama. Twawaomba walimu wetu wagawe kazi kwa zamu: kupiga chokaa mistari, kutunza mipira na nyavu, kuwa refa wa Kidato cha Kwanza. Nanyi wazazi wetu, mtoto arudipo likizo msimwulize mabao tu. Mwulizeni alipewa kazi gani, na aliifanyaje. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne