Nauli ya Kwenda Kunywa Dawa

Mara nyingi twasikia watu wakisema: "Mateja wamewekewa dawa ya bure na Serikali, lakini hawaendi. Basi wenyewe hawataki kupona." Neno hili lasemwa vituoni mwa basi, lasemwa barazani, lasemwa hata na watu wema. Leo yafaa tulichunguze kwa utaratibu, kwa kuwa nusu yake ni kweli.

Ni kweli kwamba dawa ipo, na kwamba ni ya bure. Heroini ilianza kuenea katika miji ya pwani yetu katika miaka ya 1980, ikiletwa kwa njia ya bahari kutoka Asia. Kwanza watu waliivuta kama moshi. Kisha, karne ilipokaribia kwisha, ikaja ile nyeupe ya kujidunga, na pamoja na sindano za kuchangia yakaja maambukizo ya UKIMWI na ya homa ya ini. Mwezi wa Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kuwapa waraibu dawa iitwayo methadoni. Mwananyamala ikafuata mwaka 2012, Temeke mwaka 2014, Zanzibar mwaka 2015, na baadaye Dodoma, Mbeya, Mwanza, Tanga na Arusha. Hiyo ni kazi kubwa, na wasioisifu hawatendi haki.

Ama methadoni ni dawa ya namna gani? Ni dawa ya maji, ya kunywa. Hukaa mwilini mchana kutwa na usiku kucha, ikiyazuia yale maumivu ambayo vijana wa mjini huyaita arosto, wala haimpumbazi mtu kama unga ukitolewa kwa kipimo kilicho sawa. Kwa hiyo hunywewa mara moja kwa siku, tena mbele ya macho ya mtoa dawa, kila siku, na kwa wengi kwa muda wa miaka. Mgonjwa akikosa siku moja au mbili, arosto humrudia. Akikosa siku kadhaa mfululizo hawezi kurudia kipimo chake cha zamani, maana mwili umekwisha kuacha kukizoea, na kipimo kile kile kilichomponya chaweza kumwua. Sharti aanze tena chini.

Sasa na tupige hesabu. Tumfikirie mtu akaaye pembezoni mwa Dar es Salaam, mahali ambapo kituo hakifikiwi ila kwa mabasi mawili. Kwenda na kurudi ni nauli nne kwa siku. Kwa mwaka ni nauli 1,460. Nani miongoni mwetu aliyepata kulipa nauli 1,460 kwa ajili ya dawa ya bure? Naye mtu huyu ndiye yule aliyekwisha kuuza hata godoro la mama yake. Jamaa zake wamechoka, na kondakta akimtambua humsukuma chini kabla hajatoa sarafu. Kisha liko jambo lingine, ambalo wenye kulaumu hawalioni. Dawa ikimkaa vema, hupata nguvu, hutafuta kibarua, nacho kibarua huanza alfajiri. Dirisha la dawa nalo mara nyingi ni la asubuhi. Akienda kazini amekosa dawa. Akienda kwenye dawa amekosa kazi, na nauli ya kesho imekwenda pamoja nayo. Na yule aishiye katika mkoa usio na kituo hana hata hesabu ya kupiga.

Wanawake hali yao ni ngumu zaidi. Katika vituo hivi wanaume ni wengi mno, na wanawake ni wachache sana. Si kwamba unga hauwajui wanawake. Mama mwenye mtoto mchanga atamwacha kwa nani kila siku? Na akionekana katika foleni ile, mtaa mzima humwita jina ambalo kaka yake hataitwa kamwe. Nyumba za upataji nafuu zimesaidia wengi, lakini nyingi hutoza ada, na vitanda vya wanawake ni haba.

Jambo hili la nauli si la unga peke yake. Wagonjwa wa akili pia walijengewa mbali tangu zamani: Mirembe ya Dodoma ni ya mwaka 1927, enzi za Mwingereza, na kwa muda mrefu mgonjwa wa Bukoba au wa Mtwara alitazamiwa kusafiri hadi huko, hata jina la hospitali likageuka kuwa tusi la watoto shuleni. Nchini Zimbabwe, daktari mmoja wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, amesimulia waziwazi jinsi alivyompoteza mgonjwa mwaka 2005: familia ilitaka kumleta hospitali, ikakosa nauli ya basi. Mwaka uliofuata alianza kuwafundisha akina bibi wa mtaa wa Mbare, mjini Harare, kuketi na wagonjwa juu ya benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza kwa utaratibu maalumu. Mambo haya yalipimwa kwa watu 573, na matokeo yakatangazwa mwaka 2016. Baada ya miezi sita, katika waliohudumiwa na akina bibi, 14 hivi katika kila 100 walikuwa bado na dalili za sonona. Katika waliopata huduma ya kawaida walikuwa 50. Bibi hakuhitaji shahada. Alikuwa karibu, basi.

Methadoni, lakini, haiwezi kugawiwa juu ya benchi. Mtoto akiinywa aweza kufa, na mwenye tamaa aweza kuiuza. Kwa hiyo hofu ya waganga si ya bure. Hata hivyo wakati wa maradhi ya mwaka 2020 Marekani iliruhusu mgonjwa aliyetulia apewe dawa ya hadi siku 28 aende nayo nyumbani, na mwaka 2024 ruhusa hiyo ikaingizwa katika kanuni za kudumu. Kwetu si lazima tuanze na siku 28. Mgonjwa aliyeshika dawa mwaka mzima bila kukosa apewe ya Jumamosi na Jumapili, katika kisanduku chenye kufuli. Wengine wapimiwe hospitali kuu mara moja kwa mwezi, na kipimo cha kila siku wakinywee katika kituo cha afya cha kata yao, mbele ya muuguzi aliyefundishwa, nalo dirisha lifunguliwe saa 11 alfajiri kabla ya vibarua kuondoka.

Gharama za muuguzi huyo na za kabati lake zikiwekwa kando ya nauli 1,460 za kila mgonjwa, tungependa kuiona hesabu yake mezani pa madiwani.