Maziwa huitwa na kinywa cha mtoto

SWALI: Nina miaka 19, niko Kasongo, nimejifungua mtoto wangu wa kwanza wiki tatu zilizopita. Ananyonya usiku kucha na jioni analia sana. Wiki ya kwanza matiti yalikuwa yamejaa mpaka yanauma, sasa yamelegea. Nikikamua kwa mkono yanatoka matone tu. Mama mkwe anasema maziwa yangu ni mepesi kama maji, kwa hiyo tunampa mtoto maji ya sukari mara tatu kwa siku. Nile nini, au ninywe dawa gani, maziwa yaongezeke?

JIBU: Katika barua hii hakuna neno hata moja linalothibitisha kwamba maziwa ni machache. Hakuna pia linalothibitisha kwamba yanatosha. Mambo mawili yenye jibu hayakutajwa: mtoto anakojoa mara ngapi kwa siku, na mizani inasemaje. Hayo mengine yote, kilio cha jioni, kunyonya usiku, matiti kulegea na matone ya kukamua, humpata karibu kila mzazi mwenye mtoto wa wiki tatu, hata yule ambaye maziwa yake yangetosha mapacha.

Matiti yanayouma wiki ya kwanza hayakujaa maziwa peke yake. Yamejaa pia damu na majimaji, kwa sababu mwili bado haujajua mtoto atahitaji kiasi gani. Baada ya wiki mbili au tatu mwili umeshajua, uvimbe unashuka, na titi laini linaendelea kutengeneza maziwa kama kawaida. Kukamua nako ni ufundi wa kujifunza. Mkono usiozoea hupata matone pale ambapo kinywa cha mtoto kingepata kijito, na hofu huzidisha shida, maana homoni inayosukuma maziwa yatoke, oksitosini, huzuiwa na wasiwasi na maumivu. Maziwa yamo, ila hayashuki.

Kuhusu jioni, watoto wengi wachanga hunyonya mfululizo kuanzia jua linapotua, wanaachia titi, wanalia, wanalirudia tena. Kwenye wiki ya pili au ya tatu, na mara nyingine kwenye wiki ya sita, huongeza kunyonya kwa siku kadhaa. Nyumbani watu wanaona njaa. Mwili wa mama unapata agizo la maziwa ya kesho.

Titi halifanyi kazi kama bidoni la mawese, ambalo ukimimina sana linakwisha. Mtoto anapovuta, ubongo wa mama hutoa homoni ya prolaktini, na ndiyo inayotengeneza maziwa. Usiku homoni hiyo hupanda zaidi, kwa hiyo kule kunyonya usiku kucha anakolalamikia mama huyu kunamsaidia. Na maziwa yakibaki ndani bila kutolewa, titi lenyewe hupunguza kazi.

Jambo hili lilipimwa si mbali na Kasongo. Mwaka 1977 watafiti P. Delvoye, C. Robyn na wenzao walichapisha uchunguzi walioufanya kwa akina mama wa Kivu, enzi ambazo Maniema yenyewe, jimbo la Kasongo la leo, ilikuwa bado sehemu ya Kivu (ilifanywa jimbo mwaka 1988). Walipima prolaktini katika damu ya wanawake hao wanaonyonyesha. Kwa wale walionyonyesha zaidi ya mara sita kwa siku, homoni ilibaki juu zaidi ya mwaka mzima. Kwa wale walionyonyesha mara chache, ilishuka mapema. Uchunguzi huo ungali unatajwa duniani na wataalamu wa kunyonyesha, na inapendeza kujua kwamba damu iliyotoa somo hilo ni ya wanawake wa mashariki ya Kongo. Kwa mtoto wa wiki tatu hata mara sita hazitoshi: anahitaji kunyonya mara 8 hadi 12 katika saa 24, mchana na usiku.

Hapo ndipo kikombe cha maji ya sukari kinapoleta madhara. Tumbo la mtoto siku ya kwanza ya maisha ni dogo sana, na katika wiki ya tatu bado ni dogo. Likijaa maji, mtoto analala. Akilala hanyonyi, titi haliitwi, na siku inayofuata linatengeneza pungufu. Familia inaona mtoto ametulia, inaongeza kikombe cha nne. Baada ya wiki mbili maziwa yamepungua kweli, na mama mkwe anaonekana alisema haki tangu mwanzo. Maji hayo hayana mafuta wala protini ya kumjenga mtoto, na yakitoka kwenye chanzo kisicho safi humletea kuhara.

Lakini mama mkwe asidharauliwe, kwa sababu jicho lake limeona kitu cha kweli. Maziwa ya mama ni mepesi. Katika kila gramu 100, kama 87 au 88 ni maji, na ndiyo maana mtoto hahitaji maji mengine hata wakati wa joto kali. Maziwa yanayotangulia huwa mepesi zaidi, hata yana rangi ya samawati kidogo. Kadiri titi linavyoelekea kuisha, mafuta huongezeka. Kwa hiyo mtoto aachwe amalize titi moja mpaka aliachie mwenyewe, kisha apewe la pili. Anayehamishwa kila baada ya dakika chache hupata hayo mepesi tu, akalia tena.

Maji wanayopewa watoto yanaharibu mengi katika nchi nzima. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2013–2014 ulikuta kwamba 48% tu ya watoto wa chini ya miezi sita nchini Kongo walikuwa wanapewa maziwa ya mama peke yake. Karibu wote wananyonya, ila wananyonya na kikombe kiko pembeni. Lakini hali hii inaweza kubadilika: mjini Kinshasa, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kwenye jarida la Lancet Global Health, wahudumu wa baadhi ya vituo vya afya walifundishwa namna ya kumsaidia mzazi kunyonyesha tangu saa ya kwanza. Penye vituo ambavyo havikupata mafunzo, watoto 12 katika 100 walifika wiki ya 24 bila kupewa kitu kingine. Katika kundi moja la vituo vilivyopata mafunzo walifika 36. Mtu mwenye ujuzi anayeketi karibu na mama anaweza kuleta tofauti.

Mtu huyo hutazama kwanza namna mtoto anavyoshika titi, na mama huyu anaweza kuanza kutazama leo. Mtoto alale tumbo kwa tumbo na mama yake, kichwa na mgongo viwe mstari mmoja. Mama angoje mdomo upanuke kabisa, kisha amvute mtoto kwenye titi, asilipeleke titi kwa mtoto. Kidevu kiguse titi, mdomo wa chini ukunjuke kwa nje, na sehemu nyeusi izungukayo chuchu ionekane zaidi juu ya mdomo kuliko chini. Chuchu ikitoka imebanwa kama ncha ya kalamu, au ina kidonda, mtoto anatafuna chuchu peke yake na maziwa hayapati. Aliyeshika vizuri huvuta taratibu kwa kina, na mmezo wake unasikika.

Sasa swali la chakula. Mama anayenyonyesha anahitaji nyongeza ya nguvu ya takribani kilokalori 500 kwa siku, yaani kama mlo mmoja mdogo zaidi. Kasongo ina vyakula vya kumtosha: wali wa mpunga wake, karanga, sombe yenye mawese, maharagwe, lenga-lenga, samaki wa mto Lualaba wanapopatikana. Anywe kila anapopata kiu. Unguja mzazi hupikiwa uji wa pilipili manga, Kilimanjaro mtori wa ndizi na nyama, na kila mahali bibi wataapa kwamba chakula chao ndicho kinacholeta maziwa. Faida kubwa ya vyakula hivyo ni kwamba mtu amempikia mzazi, mzazi ameketi, na mtoto yuko kifuani. Kuhusu dawa na mitishamba ya kuongeza maziwa, mwaka 2020 wataalamu wa mtandao wa Cochrane walipitia majaribio 41 na kukuta ushahidi dhaifu sana. Vidonge vya domperidone vinavyouzwa kwa jina hilo la kuongeza maziwa vinaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Mama huyu asinunue. Lotoko, pombe kali ya kienyeji, nayo hupita kwenye maziwa na kuyazuia yasishuke vizuri.

Hata mama aliyekonda hutengeneza maziwa. Anayeumia kwanza kwa upungufu wa chakula ni yeye, si mtoto, na hilo ndilo linalopaswa kuiumiza familia. Mwanamke anayetoka kuzaa, akateka maji, akatwanga, akaenda shambani, kisha akaambiwa maziwa yake ni mabaya, amenyimwa muda wa kunyonyesha na sasa anabebeshwa lawama. Familia zinazoshika desturi ya arobaini zinajua dawa yake: mzazi hufanyiwa kazi. Kwa Waislamu wa Kasongo, aya ya 233 ya Sura ya Al-Baqara, ile inayotaja miaka miwili ya kunyonyesha, inamwekea baba jukumu la chakula na mavazi ya mama. Mama mkwe aliyeandikwa katika barua hii, ambaye bila shaka anampenda mjukuu wake, angesaidia mara kumi zaidi kwa kuchukua mtungi na mchi kuliko kwa kuchukua kikombe cha sukari.

Kuna imani nyingine inayostahili jibu la haraka. Wengi husema kwamba mama akilala na mume wake maziwa huharibika. Tanzania mtoto huyo huitwa amebemendwa. Tendo lenyewe haliharibu maziwa. Mimba mpya ndiyo inayoyapunguza, na huenda wazee waliona hilo. Mama akitaka kupanga uzazi, aepuke vidonge vyenye estrojeni katika miezi sita ya kwanza, maana hupunguza maziwa. Aombe njia isiyo na homoni hiyo.

Wapo akina mama, wachache, ambao maziwa yao ni machache kweli. Kipande cha kondo la nyuma kikibaki tumboni, maziwa huchelewa kuja na damu huendelea kutoka: huyo aende hospitali siku hiyo hiyo. Aliyepoteza damu nyingi mno wakati wa kujifungua anaweza kukosa maziwa kabisa, kwa sababu tezi ya ubongoni inayotoa prolaktini imeumia. Wengine tishu za titi hazikukua za kutosha, au waliwahi kupasuliwa titi. Mara nyingine shida iko kwa mtoto: amezaliwa kabla ya wakati, ana mdomo sungura, au macho yamekuwa ya manjano na analala mno hata hana nguvu ya kuvuta. Mtoto huyo aonwe haraka na mhudumu wa afya, aamshwe kila baada ya saa mbili au tatu, na maziwa yaliyokamuliwa apewe kwa kikombe kidogo kisafi. Biberoni ni ngumu kusafisha, na humzoesha kuvuta kwa namna nyingine.

Kabambare, jirani na Kasongo, hali ni nzito zaidi. Kuna akina mama wanaokwenda mashamba ya mbali au kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Namoya na Salamabila, mtoto akabaki kwa bibi. Kuna wengine waliokimbia mapigano huko huko, wakalala porini, na walipofika wakaona matiti hayatoi. Hofu haikaushi maziwa. Huyafunga kwa muda. Mtoto akiwekwa kifuani ngozi kwa ngozi na kunyonyeshwa mara nyingi, hushuka tena. Anayekwenda kazini akamue kabla ya kuondoka, maziwa yafunikwe mahali penye ubaridi na yatumike ndani ya muda wa saa nne, na akamue tena akiwa huko, hata kama ni ya kumwaga. Hata mwanamke aliyeacha kunyonyesha kwa wiki kadhaa anaweza kuanza upya. Wauguzi wenye ujuzi hutumia mrija mwembamba uliobandikwa karibu na chuchu, upande wa pili umetumbukia katika kikombe cha maziwa, ili mtoto ashibe huku akiliamsha titi. Shirika la Afya Duniani lilikusanya uzoefu wa njia hiyo katika kitabu cha mwaka 1998.

Kasongo na mizani ni marafiki wa zamani. Katika miaka ya 1970, kupitia Mradi wa Kasongo, ulioungwa mkono na taasisi ya tiba ya nchi za joto ya Antwerp, mtandao wa vituo vya afya ulijengwa kuizunguka hospitali, na kazi hiyo ilisomwa na madaktari wa nchi nyingi. Mama huyu achukue mtoto wake kwenye kliniki ya watoto, ile wanayoiita CPS, wiki hii. Mtoto mchanga hupungua uzito siku za mwanzo, lakini kufikia wiki mbili anatakiwa awe amerudia uzito wa kuzaliwa. Baada ya hapo huongezeka kama gramu 20 hadi 30 kwa siku. Maji ya sukari yaachwe leo hii, yote; mtoto hatapoteza chakula, kwa sababu hayakuwa chakula. (Mzazi ambaye mtoto wake anategemea maziwa ya kopo asiyakate ghafla: ayapunguze kidogo kidogo, mizani ikimwongoza.)

Kisha ahesabu mikojo. Sita au zaidi kwa siku, myeupe, isiyo na harufu kali, ni habari njema. Ikiwa michache au ya rangi ya machungwa, utosi umebonyea, mtoto ana homa au analegea na kukataa titi, asingoje siku ya CPS, aende usiku huo huo. Kama hana dalili hizo, apimwe tena baada ya siku saba kwenye mizani ile ile, bila nguo. Akiwa ameongeza gramu 140 au zaidi, mama mkwe aonyeshwe karatasi. Akiwa hajazifikia, muuguzi aketi naye amtazame mtoto akinyonya tangu mwanzo mpaka aachie, na mtoto arudi kupimwa baada ya siku mbili au tatu.