Uzito wa Kura Moja

Wasomaji wetu husikia habari za Baraza la Wawakilishi la Marekani, lenye wajumbe 435, lakini ni wachache wajuao jinsi viti vyake vigawanywavyo. Na tulitazame jimbo la Georgia. Tusemapo jimbo hapa, si jimbo la Askofu, bali mojawapo ya majimbo 50 yaliyoungana kuwa nchi moja.

Kila jimbo, liwe kubwa au dogo, hupeleka maseneta wawili. Wawakilishi hutegemea wingi wa watu, nao watu huhesabiwa kila miaka 10. Leo Georgia ina wawakilishi 14. Bunge la jimbo lenyewe ndilo lichoralo mipaka ya wilaya 14, na kila wilaya huchagua mtu mmoja.

Hapo ndipo penye matata. Mipaka ya Georgia iliyowekwa mwaka 1931 iliachwa hivyo hivyo, huku mji wa Atlanta ukizidi kukua. Kwa hesabu ya mwaka 1960, wilaya ya 5, yenye mji huo, ilikuwa na watu 823,680. Wilaya ya 9 ilikuwa na 272,154 tu. Kila moja mwakilishi mmoja! Basi kura ya mtu wa Atlanta ilikuwa kama theluthi ya kura ya mwenzake. Wapiga kura wakashtaki, na tarehe 17 Februari 1964 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba wilaya ziwe na watu sawasawa kadiri iwezekanavyo.

Hata hivyo, idadi sawa haimzuii mchora mipaka kuupinda mstari ili chama chake kishinde. Na mwaka 2019 Mahakama hiyo hiyo ilisema kwamba mahakama za shirikisho haziwezi kuamua mashauri ya namna hiyo.