Reli Tatu za Dar es Salaam

Mji wa Dar es Salaam una reli za namna tatu. Ya kwanza ilianzwa na Wajerumani, ambao wazee wa pwani waliwaita Wadachi. Ya pili ni ya Tanzania na Zambia, iliyojengwa kwa msaada wa Wachina. Ya tatu ni reli ya umeme ya siku hizi. Mtu akizitazama kwa mbali huziona kuwa ni sawasawa: vyuma viwili virefu vimelala sambamba juu ya mataruma. Lakini haziko sawa. Tofauti yake ni ndogo kwa macho, ila ni kubwa kwa kazi, nayo ni upana wa njia.

Kwanza tufahamu jinsi gari la moshi liendavyo. Magurudumu yake hayana mpira kama ya motokaa. Ni chuma kitupu, na kila gurudumu lina ukingo upande wa ndani, unaolizuia lisitoke njiani. Gurudumu la kushoto na la kuume yamekazwa katika mhimili mmoja, hata hayawezi kusogeleana wala kuachana. Kwa sababu hiyo, behewa lililofanyizwa kwa reli ya upana mmoja haliwezi kupita katika reli ya upana mwingine. Njia ikizidi kwa vidole vinne tu, gurudumu halina pa kukanyaga.

Sasa chukueni fimbo yenye urefu wa meta moja, mkailaze chini. Huo ndio upana wa reli ya Wadachi. Ongezeni vidole vinne vya mtoto, nanyi mtapata kama milimita 1,067, upana wa reli ya TAZARA. Kisha rudieni fimbo ile ile, mwongeze dhiraa moja kasoro kidogo, nanyi mtapata kama milimita 1,435, upana wa reli ya umeme. Basi, mji mmoja umepataje njia tatu zisizoingiliana? Tuziangalie moja moja.

Hapo kale bidhaa za bara zilifika pwani vichwani na mabegani mwa watu. Wapagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi, walichukua kila mtu mzigo wa karibu frasila mbili, wakasafiri kwa miguu miezi kadha kutoka Ujiji na Tabora hata Bagamoyo. Mwaka 1905 Wajerumani walianza kulaza reli kutoka Dar es Salaam kuelekea bara. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912, na mwaka 1914 ikafika Kigoma, karibu kilometa 1,250 kutoka baharini. Mikono iliyochimba na kubeba mataruma ilikuwa mikono ya Waafrika. Hata meli ile iitwayo Liemba ilifika Ziwa Tanganyika kwa reli hiyo, imefungwa vipande vipande katika makasha.

Wajerumani walichagua upana wa meta moja kwa kuwa reli nyembamba hujengwa kwa fedha chache, nayo hupinda milimani kwa urahisi. Waingereza nao, walipoanza kujenga kutoka Mombasa mwaka 1896, walitumia upana ule ule, kama walivyokuwa wametumia kwa njia nyingi za Bara Hindi. Mataifa hayo mawili yalipigana vita mwaka 1914, lakini reli zao zilikuwa ndugu. Katika vita ile Waingereza walijenga njia kutoka Voi, ikaja kuungana na reli ya Tanga na Moshi. Mwaka 1963 ikafunguliwa njia nyingine kutoka Ruvu mpaka Mnyusi, ikaiunga Reli ya Kati na reli ya Tanga. Tangu hapo behewa liliweza kutoka Kigoma likafika Nairobi na Kampala bila mzigo wake kushushwa njiani. Tazameni faida ya njia zenye upana mmoja!

Reli ya pili ilizaliwa katika shida. Zambia haina bahari. Mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia, nchi iitwayo Zimbabwe leo, walijitangazia utawala wao wenyewe, na shaba ya Zambia ilikuwa ikipita katika nchi yao. Marais wawili, Julius Nyerere na Kenneth Kaunda, walitafuta njia nyingine ya kufika baharini. Serikali za nchi za Magharibi ziliwaambia kuwa reli hiyo haitalipa. China ikakubali mwaka 1967, ikatoa mkopo usio na riba. Kazi ilianza mwaka 1970, vyuma vikaisha kulazwa mwaka 1975, na mwaka 1976 reli ikakabidhiwa kwa wenyewe. Urefu wake ni kilometa 1,860, kutoka Dar es Salaam hata Kapiri Mposhi. Baadhi ya mafundi wa Kichina waliokufa katika kazi hiyo wamezikwa Gongo la Mboto, na makaburi yao yapo hata leo.

Wachina kwao hutumia reli ya milimita 1,435. Lakini hapa walijenga ya 1,067, kwa sababu huo ndio upana wa reli za Zambia na za nchi zilizo kusini yake. Uamuzi huo ulikuwa wa akili, maana gari liliweza kuendelea mbele pasipo kizuizi. Hata hivyo kila uamuzi una gharama yake. TAZARA ilifungua mlango wa kusini, lakini haikuweza kuungana na jirani yake wa karibu, yaani Reli ya Kati. Kwa hiyo mwaka 1998 palifunguliwa Kidatu mahali pa kuhamishia mizigo: behewa la reli hii husimama kando ya behewa la reli ile, mzigo ukashushwa hapa na kupakiwa pale. Kazi hiyo hula muda, na muda ni fedha.

Wakazi wa pembeni mwa mji waliiona tofauti hii kwa macho yao. Mwezi wa Oktoba mwaka 2012 zilianzishwa treni za abiria wa mjini, ili kupunguza msongamano wa barabarani. Moja ilitoka Ubungo, ambayo wakati ule ilikuwa katika Wilaya ya Kinondoni, ikaenda mpaka stesheni ya katikati ya mji. Nyingine ilipita katika reli ya TAZARA upande wa Temeke, ikafika Mwakanga. Watu wengi walizifurahia. Lakini treni ya Temeke haikuweza kuingia katika njia ya Ubungo, wala ya Ubungo katika njia ya Temeke. Abiria aliyetaka kutoka upande mmoja hata upande wa pili alishuka, akatafuta daladala, akalipa nauli ya pili. Hivyo vidole vinne vya upana vilitoka mfukoni mwake.

Hebu sasa tuvuke bahari, tuone nchi moja ya mbali, Korea. Reli ya kwanza huko ilifunguliwa mwezi wa Septemba mwaka 1899, kati ya bandari ya Incheon na upande wa pili wa mto uliopita karibu na mji mkuu, Seoul. Wajapani ndio walioimaliza, na mwaka 1905 wakafungua nyingine kutoka Seoul mpaka bandari ya Busan. Hawakuijenga kwa ajili ya kuwapendeza Wakorea. Waliitaka kwa biashara na majeshi yao, na Wakorea wengi walinyang'anywa mashamba na kulazimishwa kazi. Kwao Japani walikuwa wakitumia milimita 1,067, lakini Korea waliweka 1,435, ili njia iungane na reli za China.

Wajapani waliondoka mwaka 1945, lakini upana ule ulibaki. Mwaka 1974 Wakorea wa kusini walipofungua reli ya kwanza ya chini ya ardhi katika Seoul, treni zake ziliweza kutoka chini, zikaingia katika reli ya zamani, zikafika Incheon. Mtu wa pembeni aliingia mjini bila kushuka. Tena mwaka 2004 walipoanza treni yao iendayo kasi sana, KTX, sehemu ya njia mpya ilikuwa haijaisha. Treni ikapita katika reli mpya mahali ilipokuwapo, kisha ikaendelea katika reli ya zamani iliyotiwa umeme, hata Busan. Njia ya babu ilimsaidia mjukuu.

Nchi hiyo imetufikia sisi pia. Vichwa vya treni za umeme za Tanzania, na zile treni zenye pua kali ambazo watu huziita mchongoko, vilitengenezwa na kampuni ya Korea iitwayo Hyundai Rotem. Reli yenyewe ilianza kujengwa mwaka 2017. Abiria walianza kusafiri kutoka Dar es Salaam mpaka Morogoro mwezi wa Juni mwaka 2024, na mpaka Dodoma mwezi wa Julai mwaka ule ule. Treni zake zaweza kwenda kilometa 160 kwa saa, jambo ambalo reli nyembamba ya zamani haikuliweza. Lakini treni hiyo nzuri haiwezi kupita hata hatua moja katika reli ya mwaka 1905, wala behewa la zamani haliwezi kupanda juu ya reli mpya. Yatupasa kuzitunza zote, kila moja na mafundi wake na vyombo vyake.

Je, tuwalaumu waliotutangulia? La. Kila mmoja alikuwa na sababu yake. Lakini tujifunze kwao. Mwokozi wetu alifundisha habari za mtu atakaye kujenga mnara, ya kwamba hukaa kwanza akahesabu gharama. Mwenye kujenga njia huhesabu fedha, mataruma na madaraja. Na ahesabu pia jambo la nne: njia yangu itakutana na njia ya nani? Chuma kilicholazwa leo kitawafunga watu ambao bado hawajazaliwa. Baadhi yenu mtakuwa mafundi, wahasibu na wakuu wa miji. Siku hiyo mtakapoletewa ramani ya njia mpya, ulizeni swali hilo kabla taruma la kwanza halijalazwa.

MASWALI

1. Kwa nini behewa la Reli ya Kati haliwezi kupita katika reli ya TAZARA?
2. Wachina walikuwa na sababu gani ya kujenga TAZARA kwa upana usio wa kwao?
3. Upana mmoja wa reli uliwafaaje Wakorea mwaka 1974 na mwaka 2004?
4. Taja faida moja na hasara moja ya kujenga reli ya umeme yenye upana mpya.
5. Pimeni kwa fimbo upana wa reli tatu, mzichore uwanjani mwa shule, kila moja kando ya mwenzake.