SOMO LA AFYA: Vijana na Utafiti wa Moyo. Uliza Kwanza, Kisha Uamue



Pengine siku moja watafiti watafika shuleni au kwenye uwanja wa mpira na kuomba vijana washiriki katika utafiti wa afya ya moyo na nguvu za mwili. Watakuja na mizani, mashine na karatasi za kutia sahihi. Siku kama hiyo wazazi huulizana: Wanatafuta nini kwa watoto wetu? Damu wanaipeleka wapi? Nikikataa, je, nitafutwa kwenye orodha ya chakula? Maswali haya ni ya haki. Someni somo hili pamoja na vijana wenu, na asiyejua kusoma asomewe.

UTAFITI SI MATIBABU

Ukienda zahanati, mganga anatafuta dawa ya kukuponya wewe. Mtafiti anatafuta jibu la swali litakalowasaidia watu wengi baadaye. Huenda wewe mwenyewe usipate faida yoyote. Mtafiti wa kweli atakuambia jambo hili waziwazi. Akikuahidi kwamba utapona, au kwamba jina lako litapelekwa kwenye orodha ya kuhamia Ulaya au Marekani, usimwamini.

KWA NINI MOYO WA KIJANA?

Wengi hudhani ugonjwa wa moyo ni wa wazee. Sivyo. Mtoto huumwa koo kwa sababu ya vijidudu fulani, na koo lisipotibiwa, baada ya wiki chache anaweza kupata homa ya baridi yabisi. Viungo vinavimba na kuuma, mara goti, mara kifundo cha mguu. Maumivu hayo huisha, lakini milango midogo ndani ya moyo inaweza kubaki na kovu. Homa ikirudi, kovu huongezeka. Miaka inapita, kisha kijana anaanza kuhema akipanda kilima, au binti anazidiwa wakati wa ujauzito. Ugonjwa huu hupatikana zaidi mahali ambapo watu wengi wanalala chumba kimoja na dawa ziko mbali. Kwa hiyo unatuhusu.

MFANO WA KWELI KUTOKA GULU

Mwaka 2018 utafiti ulianza kaskazini mwa Uganda, upande wa Gulu. Watoto zaidi ya 100,000 walipimwa moyo kwa mashine inayoonyesha picha kwa mawimbi ya sauti. Mashine hii haichomi wala haiumi. Waliokutwa na dalili za mwanzo, wenye miaka 5 hadi 17, waliombwa kushiriki, na 818 wakaingia. Waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilichomwa sindano ya penisilini kila wiki 4 kwa miaka 2, na kundi la pili halikuchomwa.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2021. Kati ya watoto 399 waliochomwa sindano, ni 3 tu ambao moyo wao ulizidi kuharibika. Kati ya 400 wasiochomwa, walikuwa 33. Kabla ya hapo hakuna aliyekuwa na hakika kama sindano inawasaidia watoto ambao ugonjwa wao bado umejificha. Jibu hilo lilitoka kwa watoto wa vijijini na wazazi wao waliokubali.

Lakini tazama: mzazi aliyekubali alikubali pia kwamba huenda mtoto wake asipewe sindano. Ndiyo maana ni lazima kuelewa kabla ya kusema ndiyo.

KIJANA ATAFANYIWA NINI?

Kwa kawaida atapimwa urefu, uzito, shinikizo la damu na mapigo ya moyo. Ili kujua nguvu za mwili, anaweza kuambiwa akimbie kwenda na kurudi kati ya mistari miwili iliyoachana mita 20, akifuata mlio wa kinasa sauti. Mwanzoni mlio huenda polepole, kisha kila dakika unazidi kuharakisha. Akichoka anasimama. Hayo si mashindano, na kusimama mapema si aibu.

Watafiti wengine huomba damu kidogo. Waulize ni kiasi gani, itapimwa nini, itahifadhiwa wapi na kwa muda gani. Unaweza kukubali vipimo vingine na kukataa damu. Uliza kama utafiti wao unaruhusu hivyo.

Kijana aliyewahi kuzimia akikimbia, anayeumwa kifua, anayebanwa na pumu, mwenye homa siku hiyo au binti mwenye mimba, aseme kabla ya kukimbia. Asiyekula tangu jana naye aseme. Asijikaze kwa kuona haya.

HAKI ZAKO

1. Hakuna anayelazimishwa. Ukikataa, chakula, shule na matibabu yako hayapaswi kuguswa.
2. Unaweza kujitoa siku yoyote, hata baada ya kutia sahihi, bila kutoa sababu.
3. Aliye chini ya miaka 18 kwa kawaida huhitaji idhini ya mzazi au mlezi. Naye kijana huulizwa. Baba akisema ndiyo na mtoto akasema hapana, mtoto asikilizwe.
4. Ueleziwe kwa lugha unayoielewa. Ukipewa karatasi ya lugha nyingine, omba mkalimani.
5. Habari zako ni siri. Jirani wala kiongozi wa mtaa hapaswi kuonyeshwa.
6. Mtoto akikutwa na ugonjwa, uambiwe, na uonyeshwe pa kutibiwa.

Hapa Uganda utafiti huhitaji kibali cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, baada ya kupitiwa na kamati ya maadili. Omba kuonyeshwa kibali hicho. Karatasi yako ya idhini iwe na mahali pa kupeleka malalamiko.

SHERIA HIZI ZILITOKA WAPI?

Zilitokana na machungu. Kuanzia 1932 hadi 1972, huko Tuskegee nchini Marekani, mamia ya wanaume weusi wenye kaswende walifuatiliwa bila kuambiwa ukweli. Hata dawa ilipopatikana, hawakupewa. Rais wa nchi hiyo aliomba radhi mwaka 1997. Kwa hiyo mzazi anayeuliza maswali mengi si mjinga wala mkorofi. Analinda mtoto wake, na analinda utafiti wenyewe usiharibike.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Utafiti unatofautianaje na matibabu ya zahanati?
2. Kama ungekuwa mzazi kule Gulu, ungekubali? Kwa nini?
3. Binti wa miaka 15 anataka kushiriki lakini mama yake anaogopa damu. Wangeanzia wapi kuzungumza?

Na hata kama hakuna mtafiti atakayekuja: mtoto anayeumwa koo na homa apelekwe zahanati mapema, apewe dawa na aimalize yote. Vijana wacheze na kukimbia angalau saa 1 kila siku. Mambo hayo hayahitaji sahihi ya mtu yeyote.