Fukusi wa Viazi Vitamu na Nyufa za Udongo
Fukusi wa jenasi Cylas waharibuo viazi vitamu Afrika Mashariki ni wa aina tatu. Cylas formicarius huonekana zaidi pwani; Cylas brunneus na Cylas puncticollis wameenea bara, hadi Usukumani. Mdudu huyu hana uwezo wa kuchimba ardhi. Katika mashamba kama ya Samuye, Shinyanga, udongo ukipasuka wakati wa kiangazi ndipo apatapo njia: hushuka ufani, hutoboa kiazi, hutaga yai na kuziba tundu kwa kinyesi. Funza akila, kiazi huwa kichungu hata pasipoguswa. Kupalilia matuta huziba nyufa. Wasukuma huvuna mapema na kukausha michembe, ingawa michembe nayo ina wadudu wake ghalani.